Ngoma Ilipoingia Chumbani

“Hii ngoma ni ya nani?”

Mjomba wangu aliniuliza hivyo Desemba ya mwaka juzi, tumekaa barazani kwake Kanoni, simu ikiwa juu ya stuli katikati yetu. Hakuwa anatania. Ngoma aliyokuwa anaisikiliza ilikuwa yake, na mpigaji alikuwa yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimemrekodi mwezi Julai, uani, saa kumi jioni. Yeye alipiga ngoma kubwa, vijana wawili wa jirani wakamsindikiza kwa ngoma ndogo. Nilitumia rekoda ya mkononi, nikaiweka hatua tatu mbele yake. Faili nikamwachia binamu yangu, kitinda mimba wa mjomba, ambaye ana studio ya chumba kimoja nyuma ya duka lake la vifaa vya simu. Huko ndiko kwaya za jirani na vijana wa Bongo Fleva huenda kurekodi. Binamu akaongeza sauti za akina mama waliorekodiwa siku nyingine, akamiksi, akatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sote tukapongeza kwa vidole gumba. Sidhani kama kuna aliyesikiliza hadi mwisho.

Desemba tulipokutana kumkumbuka bibi, wimbo ukapigwa kwenye sabufa. Ngoma ya mjomba ikawa mvumo mmoja usiokatika, kama lori linalopanda mlima kwa gia namba moja. Mapigo hayatofautiani, sauti za akina mama zimezama humo humo. Mtu mmoja akasema tatizo ni sabufa, akaupiga kwenye simu. Huko ngoma kubwa ikapotea kabisa, zikabaki zile ndogo tu, kama mtoto anayegonga ndoo. Ndipo mjomba akauliza swali lake.

Ingekuwa jambo la kucheka na kurekodi upya. Lakini mwezi Oktoba mjomba alikuwa amepata kiharusi. Kuongea anaongea vizuri, kutembea anatembea kwa fimbo, ila mkono wa kulia hauna nguvu tena. Ngoma ile haitapigwa tena na mkono ule. Kilichobaki ni faili moja la dakika kumi na moja.

Mimi ni mwandishi wa habari, na katika kazi hii hakuna kosa linaloniumiza kama kumnukuu mtu vibaya. Pale barazani niliona kwamba tumemnukuu mjomba vibaya. Maneno yalikuwa yake, sauti haikuwa yake.

Binamu alikuwa na utetezi mmoja tu: “Dada, mle ndani ilikuwa inapiga vizuri mno. Hata mimi nashangaa.” Tukaenda studio, akawasha. Kumbe alikuwa anasema kweli. Ukikaa kwenye kiti chake, ngoma ilisikika safi, nzito kiasi, kila pigo na mahali pake. Ukitoka nje ya mlango, ni lori.

Chumba chenyewe ni mita tatu kwa mita tatu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, zimepigwa plasta, juu ni silingi bodi na mabati. Ukutani amebandika trei za mayai, kama zilivyo karibu studio zote za nyumbani nilizowahi kuingia, kuanzia Mwanza hadi Mbagala. Nani alituambia trei za mayai zinatengeneza studio, sijui, lakini tulimwamini sote.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Sauti nyembamba yenye mitetemo 3,400 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa sentimita 10 tu, kwa hiyo vishimo vya trei vinaweza kulivurugavuruga kidogo. Sauti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde, hiyo tunayoisikia kifuani kabla ya masikioni, wimbi lake lina karibu mita 7. Kwa wimbi la ukubwa huo trei ya karatasi haipo. Kitu chepesi cha kulimeza wimbi hilo kinatakiwa kiwe kinene sana, tena kiwekwe mahali panapofaa.

Sasa chukua wimbi la karibu mita 6, yaani la mitetemo kama 57 kwa sekunde, uliingize kwenye chumba cha mita 3. Nusu yake inaenea kamili kutoka ukuta hadi ukuta. Linagonga, linarudi, linakutana na lenyewe. Karibu na kuta yanajumlishana na sauti inavimba. Katikati ya chumba yanafutana na sauti inakufa. Chumba kikiwa na urefu na upana sawa, jambo hilo hilo linatokea pande zote mbili kwa mtetemo ule ule mmoja, ndiyo maana chumba cha mraba ni kibaya kuliko vyote. Na binamu, kwa kupenda mpangilio, alikuwa ameweka meza na kiti chake katikati kabisa.

Tulijaribu. Akapiga kwenye kompyuta sauti moja tu ya mitetemo 57, mfululizo, mimi nikatembea chumbani. Kwenye kiti: kimya karibu kabisa. Nikarudi nyuma hatua mbili: inavuma. Nikaingiza kichwa kwenye kona: meno yanatetemeka. Programu yake ilionyesha kwamba sauti ya msingi ya ngoma ya mjomba iko jirani na hapo hapo. Basi alipokuwa anamiksi hakuisikia, akaiongeza. Haikutosha, akaiongeza tena, mpaka desibeli tisa. Alikuwa anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, na maji yote yalikuwa yanamwagika kwa majirani.

Nilivyolifikiria jambo hili baadaye, niliona kosa la binamu ni la zamani kuliko binamu. Kwa karne nyingi ngoma za huku hazikuhitaji chumba. Zilipigwa uani, na uani hakuna ukuta wa kurudisha wimbi. Uzito wa ngoma ulikuwa vile ulivyo, kila aliyesimama pale aliusikia. Na uzito huo haukuwa mchezo. Katika lugha za ukanda huu wa Maziwa Makuu neno engoma linabeba maana mbili, ngoma na utawala. John Hanning Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861 na kupokelewa na mtawala Rumanika, aliandika kisa alichosimuliwa kuhusu namna Rumanika alivyopata enzi. Baba yake, Dagara, alipofariki, wana watatu waligombea. Wakaletewa ngoma ndogo. Kwa macho ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imewekewa dawa, na asiyestahili asingeweza kuiinua. Ndugu zake walishindwa, Rumanika akainyanyua bila shida.

Nilikisoma kisa hicho chuoni kama ushirikina wa kale ulioandikwa na mgeni. Siku hizi nakisoma tofauti kidogo: watu wa hapa walijua kwamba uzito wa ngoma hauonekani kwa macho, na kwamba kuupima ni kazi ya kuaminiwa. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta rasmi utawala wa machifu. Ngoma zikabaki za harusi, za sherehe na za wazee kama mjomba.

Wakati huo mashine zilikuwa zimeshaanza kuziingiza ngoma ndani. Kabla ya 1925 kurekodi kulifanyika bila umeme. Wanamuziki walijazana mbele ya pembe kubwa ya bati, na mtikisiko wa sauti zao ndio uliosukuma sindano. Pembe ile ilikuwa kiziwi kwa sauti nzito. Huko Marekani na Ulaya mara nyingi tuba ilichukua nafasi ya besi ya nyuzi, kwa sababu besi haikusikika, na ngoma kubwa ziliepukwa. Kwa hiyo santuri za miaka ile zinatupa picha ya muziki usio na miguu. Maikrofoni ilipoingia mwaka 1925 ndipo sauti za chini zilipoanza kushikika. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, teknolojia hiyo ilikuwa na miaka mitatu tu.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na gari lake la kurekodia, na miongoni mwa aliowarekodi walikuwa Wahaya, jirani zetu, na enanga zao. Mwaka 1952 alirekodi ngoma za kifalme za Rwanda, ng’ambo tu ya mto kutoka kwetu. Alikuwa na tabia ya kushika maikrofoni kwa mkono wake, akiisogeza karibu na kuiondoa kadiri wimbo ulivyokwenda. Ukisikiliza ngoma zile za Rwanda kwa spika nzuri unasikia uwanja, unasikia hewa, na unasikia ngozi ya kila ngoma. Tracey alikuwa na vifaa duni kuliko simu yangu, lakini hakuwa na kuta. Unaweza kumlaumu kwa mengine, mfano yeye ndiye aliyechagua kipi kinafaa kuhifadhiwa. Kwa upande wa besi, aliuacha uwanja useme.

Redio nayo ikaja na masharti yake. Miaka ya 1970 na 1980, bendi za dansi zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, mafundi wakipanga watu na maikrofoni mpaka uwiano upatikane. Muziki ule ulifika Karagwe kwa kupanda mabonde kwenye mawimbi ya redio, ukatokea kwenye spika ya redio ya mbao au ya plastiki iliyo ndogo kuliko sahani. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, mpaka mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977. Na santuri haipendi sauti nzito. Sauti nzito huufanya mfereji wa santuri uyumbe kwa upana, ule nafasi ya wimbo, na ukizidi sindano inaruka. Kwa hiyo sauti za chini hupunguzwa wakati wa kuchonga na kurudishwa wakati wa kupiga, kwa kipimo ambacho viwanda vya Marekani vilikubaliana mwaka 1954. Yaani tangu zamani kulikuwa na mtu katikati, fundi, anayeamua besi iwe kiasi gani. Mtu huyo alikuwa na chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo, au angalau alikuwa amekizoea chumba chake kwa miaka mingi.

Miaka ya 1990 mtu wa katikati akaanza kuondoka. Redio binafsi ziliruhusiwa, FM ikaja, na FM inabeba besi vizuri. Bongo Fleva ikazaliwa kwenye studio chache za Dar es Salaam. Mwishoni mwa muongo huo ikatoka programu ya FruityLoops, na baada ya muda kila mwenye kompyuta akawa na uwezo wa kuwa prodyuza. Kwetu Kagera mfano mzuri wa mabadiliko hayo ni wimbo mmoja uliozaliwa mara mbili. Saida Karoli alitoa “Maria Salome” mwaka 2001, wimbo wa Kihaya wenye ngoma zinazokwenda mbio, na nchi nzima ikaucheza bila kujua maneno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautumia kutengeneza “Salome”. Sikiliza nyimbo hizo mbili mfululizo kwenye spika moja. Katika ule wa kwanza uzito umegawanyika kwenye ngoma. Katika wa pili umeshushwa chini kabisa, kwenye kiki na besi za kompyuta. Sisemi upi ni bora. Ninachosema ni kwamba muziki wetu umeshuka chini, kule ambako chumba kidogo kinadanganya zaidi, wakati ule ule ambapo vyumba vya kurekodia vimekuwa vidogo kuliko wakati wowote.

Juu ya hapo kuna masikio yenyewe. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza sauti za chini haraka kuliko za katikati. Binamu humiksi usiku, watoto wakiwa wamelala, kwa sauti ya chini. Besi haisikiki, anaiongeza. Jumamosi wimbo unapigwa kwenye harusi kwa muziki mnene, masikio yanaisikia besi yote iliyokuwepo na ile aliyoiongeza, na wazee wanahamisha viti.

Na sabufa, mgeni huyu wa kila sebule, naye ana lake. Nyingi za bei nafuu zinavuma kwa nguvu kwenye sehemu moja nyembamba tu ya sauti za chini, kwa hiyo kila besi inayopita pale inageuka kuwa besi ile ile. Simu iko upande wa pili, spika yake ni ndogo mno kutoa mitetemo 57. Ndiyo maana mjomba alikuwa lori kwenye kifaa kimoja na hayupo kabisa kwenye kingine.

Tulitumia siku nne za likizo yangu kurekebisha. Kwanza tulihamisha meza, ikaangalia ukuta, kiti kikasogea mbele kutoka katikati, spika zikatolewa kwenye kona zikawekwa umbali sawa kushoto na kulia. Hilo halikugharimu hata shilingi, na ndilo lililosaidia kuliko yote. Pili tulishona magunia, tukayashindilia nguo za mitumba zisizouzika na blanketi kuukuu, tukayasimamisha kwenye kona nne, manene kama mtu mzima aliyejifunika, kutoka sakafuni hadi juu. Kona ndiko sauti nzito zinakojikusanya. Mvumo haukuisha, ulipungua. Binamu alitaka kubandua trei za mayai kwa hasira, nikamwambia aziache, wateja wanazipenda.

Tatu, alianza kusikiliza wimbo aliouamini kabla ya kugusa wa kwake. Alichagua nyimbo tatu ambazo amezisikia kila mahali, kwenye basi, kanisani, harusini, na kujifunza zinasikikaje kwenye chumba chake. Kama besi ya wimbo unaoujua inaonekana imepungua pale kitini, basi tatizo ni kiti. Nne, alitumia hedifoni kukagua, kwa sababu hedifoni haina kuta. Haimwambii besi itasukuma kifua kiasi gani, lakini inamwambia ipo au haipo.

Kisha tukaondoa zile desibeli tisa.

Ilibaki shida ya simu, na hapo nilisita. Kuna ujanja wa kuongeza kwenye sauti nzito mitetemo ya juu iliyo jamaa yake, mara mbili, mara tatu ya ile ya msingi. Spika ndogo inaweza kutoa hiyo, na ubongo unaijaza ile ya chini ambayo haipo. Inafanya kazi kweli. Lakini je, ni ngoma ya mjomba, au ni maneno ninayomwekea mdomoni? Tulikubaliana kufanya nakala mbili. Moja ya simu, yenye ujanja huo kidogo, na jina lake linasema hivyo. Nyingine bila kuongezwa chochote. Faili la Julai, kama lilivyotoka kwenye rekoda, sasa liko sehemu tatu tofauti, na moja si Kanoni.

Jioni ya mwisho tulifanya jambo ambalo lingetupasa kulifanya mwanzo. Tulivuta waya wa umeme, tukatoa spika nje, tukaziweka pale pale uani ambapo mjomba alikuwa amekaa Julai. Mmoja wa wale vijana akaleta ngoma kubwa. Tukapiga rekodi kidogo, tukazima, kijana akapiga ngoma yenyewe, tukarudi kwenye rekodi. Mjomba alikaa kwenye kiti chake, mkono wa kulia mapajani, akiongoza kwa fimbo iliyokuwa kushoto.

“Punguza. Bado inavimba.”

Binamu akapunguza.

“Umeipeleka wapi sasa? Rudisha tumbo lake.”

Akarudisha kidogo. Ilikuwa desibeli moja na nusu, nilichungulia. Mjomba akanyamaza. Rekodi ikaendelea hadi mwisho, dakika zote kumi na moja, kuku wanapita, hakuna aliyezungumza. Mke wa mjomba alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

“Naam,” mjomba akasema. “Huyu ni mimi.”

Binamu alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la kahawa. Tukaanza kukunja waya. Mjomba akatuita tena.

“Ila huyo wa ngoma ndogo, wa kushoto, anakimbia. Tangu mwanzo anakimbia. Hamwezi kumrekebisha huko kwenye kompyuta yenu?”

Binamu akanitazama. Uwezo anao, ni kazi ya nusu saa. Nikamwambia mjomba hapana, huyo tumwache alivyo. Yule kijana, aliyekuwa bado ameishika ngoma kubwa, akainama kuangalia viatu vyake, kisha akaomba afundishwe. Wakabaki pale uani mpaka giza likaingia, mjomba akigonga fimbo chini, kijana akipiga, na sisi tukirudisha spika ndani.